Mizani ya Korosho: Namna ya Kudai Usawa Kazini Kabla Katoni Haijapanda Meli

Kwa misimu minne nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda kidogo cha korosho, nje kidogo ya mji wa Malindi. Nilikaa kwenye stuli kando ya mlango, napima ndoo moja baada ya nyingine, natoa uzito wa ndoo, naandika. Msimu wa tatu ndipo nilipotambua kwamba kwenye kitabu changu hakuna jina hata moja la mwanamume. Wanaume walikuwa na kitabu chao ofisini, cha malipo ya siku. Hakuna aliyetangaza kwamba iwe hivyo. Vitabu vilikuwa viwili tangu kiwanda kilipofunguliwa, basi.

Mwongozo huu ni wa mbanguaji, mmenyaji, au mama anayeongoza wenzake. Mwenye kiwanda akiusoma pia hakuna ubaya. Naeleza korosho kwa sababu ndiyo ninayoijua, lakini anayepanga maembe au anayefunga pakiti za chumvi kule Gongoni atabadilisha maneno machache tu.

Hatua ya 1: Zunguka kiwanda na daftari

Korosho ikishatengwa na kanju, lile tunda lake, na kufika kiwandani hupita mikono mingi. Hupikwa kwa mvuke ili ganda lilegee, hubanguliwa, kiini hukaushwa kwenye tanuri, humenywa ile ngozi nyembamba, huchambuliwa kwa madaraja, kisha hupakiwa. Hivyo ni vituo sita. Chukua ukurasa mmoja wa daftari, uugawe mistari sita, na kila mstari ujibu haya: wanawake wangapi, wanaume wangapi, nani analipwa kwa kilo na nani kwa siku, nani ana mkataba wa maandishi, msimamizi ni nani. Usiandike majina ya wenzako. Wakati wa chai unatosha.

Sura utakayoiona mara nyingi ni hii: wanaume wako kwenye boila, tanuri na upakiaji, kwa siku, wanawake wanabangua, wanamenya na kuchambua, kwa kilo. Ukiuliza sababu, utaambiwa akina mama wana vidole vyepesi. Ni kweli, na sifa hiyo iandike papo hapo kama ilivyosemwa, na tarehe. Utaihitaji hatua ya 3.

Hatua ya 2: Jua kilo yako inakwenda wapi

Hapa usiwe na haraka. Dhuluma nyingi za kiwandani nilizoziona zilipita mbele ya macho yangu kwenye ile mizani, na nyingine niliziandika kwa mkono wangu.

Anza na ndoo. Ndoo tupu ina uzito, na karani huutoa. Kwetu ulitolewa uzito mmoja kwa ndoo zote, hata zile ndogo za plastiki. Mwenye ndoo nyepesi alipoteza gramu kadhaa kila akipima, na akipima mara nne kwa siku, kwa siku ishirini na nne za mwezi, hesabu yake si ndogo. Omba ndoo yako ipimwe ikiwa tupu, mbele yako, asubuhi.

Pili, vilivyovunjika. Kiini kizima ndicho chenye bei. Sokoni kinaitwa kwa herufi na namba: W180, W240, W320, na kuendelea. Namba inaeleza takriban viini vingapi vinaingia katika paundi moja, ambayo ni karibu gramu 454; namba ikiwa ndogo, kiini ni kikubwa na bei iko juu. Vipande huuzwa pia, kwa bei ya chini, vikaishia kwenye biskuti na chokoleti. Sasa uliza: vipande vyangu vinalipwa? Kuna viwanda vinavyolipa mbanguaji kwa vizima peke yake, vipande vikarudi kwenye gunia la kampuni na kuuzwa. Hiyo ni kazi iliyofanywa bure. Tena kiini huvunjika pia kwa sababu ya mvuke uliozidi au uliopungua, na mvuke si kazi ya mbanguaji. Kila unapopewa debe la korosho zilizopikwa vibaya, andika tarehe na saa.

Tatu, kusubiri. Boila ikiharibika saa nne, wanawake hukaa chini ya mwembe mpaka saa nane. Yule wa boila analipwa siku yake yote, hata akiwa amelala. Wa kilo halipwi kitu. Saa hizo ziandike.

Nne ni glavu, na hapa nisimulie kidogo. Ganda la korosho lina mafuta meusi yanayobabua ngozi. Alikuwapo mama mmoja wa mtaa wa Muyeye, mtu mzima, hodari kuliko wote kwenye mashine ya kukanyaga. Kila asubuhi alijipaka mafuta ya mbarika mpaka kwenye kifundo cha mkono, akachovya vidole kwenye majivu, ndipo akakaa. Glavu alizopewa alizikunja vizuri, akazikalia. Nikamwuliza, mama, mbona huzivai? Akanionyesha kiganja: ngozi ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa imebabuka hadi kuwa laini kama karatasi ya sigara, na alama za vidole zimefutika. "Mwanangu," akasema, "glavu zinakula kilo." Mkono ulio ndani ya glavu nene hauhisi kiini, na kinavunjika. Malipo ya kilo ndiyo yaliyomvua glavu, hata kama ubaoni pameandikwa kwamba kutovaa ni kosa. Kwa hiyo ukidai vifaa vya kinga, dai pamoja navyo bei ya kilo inayozingatia mwendo wa mtu aliyevaa, au glavu nyembamba zinazoweza kufanya kazi.

Zile alama zilizofutika zilimletea shida nyingine. Alipokwenda kuomba kitambulisho kipya, alama zake za vidole zilikataliwa.

Ukishakuwa na wiki mbili za maandishi, fanya hesabu. Namba hizi ni za mfano tu. Tuseme umeingia saa moja asubuhi, umetoka saa kumi na moja jioni: saa kumi. Kilo saba zimekubaliwa, kila moja shilingi 50. Hiyo ni 350, yaani shilingi 35 kwa saa. Wa boila amepata 650 kwa saa nane: shilingi 81 na senti kidogo. Sasa mna kitu cha kuzungumza. Linganisha pia hesabu yako na kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa na serikali kwa eneo lako. Ofisi ya kazi inacho, na ni haki yako kukiuliza.

Hatua ya 3: Dai thamani sawa, usikwame kwenye kazi ile ile

Ukienda ofisini na kusema "wanaume wanatushinda mshahara", jibu liko tayari: kazi zenu ni tofauti. Na kweli ni tofauti. Lakini kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 hakitaki kazi zifanane. Kinamtaka mwajiri alipe sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Maneno hayo yanalingana na Mkataba Namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2001.

Thamani hupimwa kwa mambo manne: ujuzi, nguvu inayotumika, dhamana, na mazingira ya kazi. Ziweke kazi mbili bega kwa bega. Wa boila alifundishwa muda gani, na mbanguaji alichukua wiki ngapi hadi kutoa vizima? Nani akikosea kampuni inapoteza fedha nyingi zaidi? Nani anarudi nyumbani na ngozi iliyobabuka, na nani na joto la moto? Uwe mwadilifu. Boila ina hatari yake na usiifiche. Ukiificha watakushika hapo. Ile sifa ya vidole vyepesi uliyoiandika siku ya kwanza sasa itoe: msimamizi mwenyewe amekubali kwamba ni ujuzi.

Na hili lina uzito: sheria hiyo hiyo inasema shauri la ubaguzi likifika mbele ya hakimu, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua. Wewe unatakiwa ufike na picha inayoeleweka. Daftari lako ndiyo hiyo picha.

Hatua ya 4: Neno "kwa kilo" lina mtego

Watu wengi hapa pwani wamesikia kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo kwa mwezi, anageuka kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, mwenye haki ya notisi. Hicho ni kifungu cha 37 cha Sheria hiyo hiyo ya Ajira, na ni kweli kwa kibarua wa siku. Lakini mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya wafanyakazi wa chumvi wa huku kwetu pwani, ikasema waliokuwa wakilipwa kwa kipimo cha kazi si vibarua wa kifungu hicho, na ulinzi wake hauwafikii.

Soma tena ule ukurasa wako wa kwanza. Walio kwa kilo ni nani? Malipo ya kilo yanapunguza mfuko wa mwanamke, na juu ya hapo yanamfungia mlango wa ajira ambao mwenzake wa malipo ya siku anaweza kuugonga. Kwa hiyo dai la kwanza mezani, mbele hata ya kuongezwa bei, liwe mkataba wa maandishi wa msimu mzima, wenye malipo ya msingi ya siku, na kilo ziwe nyongeza juu yake. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi ni lazima uandikwe. Hilo limo katika kifungu cha 9. Msimu wetu huanza mwezi wa Novemba ukaingia Machi, basi miezi mitatu inatimia bila ubishi.

Mwajiri atasema wanawake watalegea wakijua siku imelipwa. Mjibu kwa upole: wa boila amelegea?

Hatua ya 5: Pesa iingie kwenye laini yake

Hili halimo katika miongozo mingi ya kutoka nje, nami nililiona kila Jumamosi. Karibu robo ya majina ya kitabu changu yalikuwa na namba ya simu ya mtu mwingine: mume, kaka, mwana mkubwa. Wengine hawakuwa na kitambulisho, wengine walikataliwa alama za vidole kama yule mama wa Muyeye, wengine ndivyo walivyozoea. Mwanamke anapima kilo, ujumbe wa M-Pesa unalia mfukoni mwa mtu aliyeko barazani anacheza bao.

Msiligeuze kuwa ugomvi wa nyumba. Wekeni siku moja, mwombeni chifu au mzee wa mtaa awasaidie wasio na vitambulisho kuanza safari hiyo, wenye navyo wasajili laini. Mwombeni mwajiri atoe karatasi ya malipo kwa jina la mfanyakazi: kilo zilizopimwa, zilizokataliwa, makato ya akiba ya uzeeni ya NSSF, ya bima ya afya ya SHA, ya nyumba. Makato yasiyoandikwa hayana pa kuulizia.

Hatua ya 6: Mgawaji wa madebe

Mwenye nguvu kubwa kwenye sakafu ya kiwanda ni yule anayegawa madebe asubuhi. Meneja anamfuata kwa mbali. Debe la korosho kubwa, zilizopikwa sawasawa, ni kilo mbili tatu zaidi kwa siku. Debe la korosho ndogo kavu ni siku iliyopotea. Nyapara akiwa peke yake na uamuzi huo, basi ana kitu cha kuuza, na wako watakaotakiwa kukinunua kwa njia ambayo hawataieleza hata kwa dada zao. Nisizunguke: kwetu ilitokea, nami nilijua kwa sababu kilo za mtu zilipanda ghafla au kuporomoka ghafla, na kitabu kilikuwa changu. Nilinyamaza msimu mmoja mzima.

Dawa ya kwanza ni ya kiufundi. Madebe yapangwe kwa namba, kila mtu achomoe karatasi kwenye kikapu. Haigharimu kitu, na nyapara mwaminifu ataifurahia kwa kuwa inamwondolea maneno.

Dawa ya pili ni ya kisheria. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono, iliyotungwa baada ya kushauriana na wafanyakazi. Ombeni muione. Ikiwa ipo kwa Kiingereza peke yake ndani ya faili, ombeni isomwe kwa Kiswahili, na kwa Kigiriama kwa anayehitaji, mbele ya nyapara wote. Sanduku la malalamiko lisitundikwe mlangoni pa ofisi. Liwe chooni kwa wanawake, na ufunguo usikae kwa mtu mmoja.

Aliyedhulumiwa asisukumwe kusema hadharani. Namba 1195 ni ya simu ya msaada ya kitaifa kwa dhuluma za kijinsia, na FIDA, chama cha wanasheria wanawake, wana ofisi Mombasa. Atakayekwenda polisi aende na mtu wa kumshika mkono.

Hatua ya 7: Mimba na mtoto

Kwa kifupi, kwa kuwa sheria iko wazi. Likizo ya uzazi ni miezi mitatu kwa mshahara kamili, baba wiki mbili. Mimba si sababu halali ya kumfukuza mtu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha, na muda wa hadi saa moja katika kila saa nane za kazi. Kwa wa kilo ugumu unabaki kule kule: mshahara kamili wa nini, ikiwa hana mshahara? Rudi hatua ya 4. Msipopata yote, ombeni mjamzito ahamishiwe kwenye kuchambua, mbali na moshi na mafuta ya ganda, kwa wastani wa mapato yake ya miezi mitatu iliyopita.

Hatua ya 8: Siku ya mkaguzi

Utaijua siku ya mkaguzi. Sakafu imeoshwa, glavu mpya zimegawiwa, sabuni ipo chooni, na wale wasiojua kukaa kimya wamepewa likizo. Mkaguzi hutumwa na wanunuzi au na wenye nembo za biashara ya haki. Ana orodha, na ana gari linalomsubiri.

Mwombeni, kupitia kiongozi wenu, mambo matatu: azungumze na wanawake bila msimamizi kuwapo, mkalimani awe mwanamke ambaye si wa ofisi, na aone vitabu vyote viwili, cha kilo na cha siku. La tatu ndilo watu wanalolisahau. Akiwa na vitabu viwili mbele yake, hata aliyechoka ataona. Msimpe malalamiko ishirini. Mpeni nakala ya ukurasa wenu wa mistari sita na hesabu ya wiki mbili.

Hatua ya 9: Mwandikieni anayekula korosho

Katoni zina maandishi. Angalieni jina la msafirishaji na la mnunuzi, nchi, na namba ya shehena. Kuviandika vitu hivyo ni sawa na kusoma kilichoandikwa mbele yako, mradi huibi karatasi za ofisi.

Kwa nini jina la mnunuzi? Kwa sababu sheria za kwao zimebadilika. Ufaransa tangu 2017 inazitaka kampuni zake kubwa ziwe na mpango wa kuzuia madhara kwa wafanyakazi wa wauzaji wao. Ujerumani ilianza kutekeleza sheria yake Januari 2023, na humo kampuni inayohusika lazima iwe na njia ya kupokea malalamiko, hata ya mtu aliye mwisho kabisa wa mnyororo wa wauzaji. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo lake mwaka 2024, ingawa tangu hapo limekuwa likilegezwa na kusogezwa mbele. Sheria hizi zinagusa kampuni kubwa tu. Muuza duka wa mtaani kule hazimhusu. Bado barua haina hasara.

Iwe fupi, namna hii:

*"Sisi ni wafanyakazi wa kubangua na kumenya korosho katika kiwanda kinachowauzia, Malindi, Kenya. Wanawake wote wanalipwa kwa kilo, wanaume wote kwa siku. Kwa wiki mbili tulizoandika, pato letu kwa saa lilikuwa hili, lao lilikuwa hili. Tunaomba mambo mawili: mkataba wa msimu wenye malipo ya msingi, na madebe yagawiwe kwa kura. Tunaomba pia mtueleze kama bei mnayolipa na muda mnaotoa vinakiwezesha kiwanda kufanya hivyo. Msikatishe ununuzi, tunataka kazi iendelee ikiwa bora. Tafadhali msitaje majina yetu."*

Sentensi ya bei msiifute. Mnunuzi anayedai usawa huku akishusha bei kila msimu, na kuagiza kontena katika wiki mbili badala ya nne, anamsukuma mwenye kiwanda arudi kwenye kilo. Mwenye kiwanda wenu anaweza kuwa upande wenu katika hilo, na ni vizuri asome barua kabla haijatumwa, isipokuwa mkiwa na sababu ya kumwogopa. Sentensi ya kutokatisha ununuzi nayo ibaki. Kiwanda kikifungwa, wa kwanza kukaa nyumbani ni nyinyi.

Nani atie sahihi? Kama mna chama cha wafanyakazi, chama. Kikipata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoruhusiwa kujiunga, mwajiri analazimika kukitambua na kuzungumza nacho. Kama hamna, kikundi chenu cha kuchangishana kinafaa kuanzia, ilmradi kimesajiliwa. Mtu mmoja asisaini peke yake.

Weka nakala mbili za daftari, moja yako na nyingine kwa shangazi au jirani asiyefanya kazi pale. Shauri la ajira lina ukomo wa miaka mitatu, na Malindi kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, huhitaji kupanda basi hadi Nairobi. Kitabu changu mimi kilibaki ofisini siku nilipoacha kazi. Nilikiomba mara mbili, nikaambiwa kimeliwa na mchwa.